Matangazo ya Moja kwa Moja: Sauti Kwanza, Picha Baadaye



Tangu Machi 2020, makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona, tumezoea kuona Misa, mazishi na harambee zikirushwa moja kwa moja kwa simu. Siku hizi hata vikundi vya kujisaidia vinarusha mikutano ya mwaka, ili wanachama walio Nairobi au walio kazini Saudi Arabia na Qatar wafuate. Ni jambo jema. Lakini mara nyingi mambo huenda hivi: mweka hazina anafungua daftari, picha inaganda, na ikirudi hesabu imekwisha kusomwa. Mwanachama aliyetoa mchango wake kila mwezi anabaki gizani. Hapo ndipo manung'uniko huanza, na kikundi chaweza kuvunjika.

Je, tufanye nini? Mnara hatuwezi kujenga. Lakini mzigo tunaoupeleka mnarani tunaweza kuupunguza.

MBONA PICHA INAKWAMA?

Nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009, na njia ya kwenda ng'ambo ikapanuka sana. Kwetu vijijini penye shida mara nyingi ni hapa karibu, kati ya simu na mnara. Mnara ni kama bomba moja la maji la kijiji kizima. Siku ya mazishi, watu mia tano wakiwasha simu pamoja, kila mtu anapata matone. Tena kasi ya kupeleka kwa kawaida ni ndogo kuliko kasi ya kupokea. Kwa hivyo usiseme, "Mimi natazama video vizuri, basi nitarusha vizuri." Hayo ni mambo mawili.

Matangazo hukatwa vipande vya sekunde chache chache. Simu ya mtazamaji huweka akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuonyesha, kama vile nyumba yenye tanki. Bomba likikauka kidogo, maji ya tangini yanaendelea kutoka. Ndiyo maana mtazamaji huona jambo sekunde kadhaa, hata nusu dakika, baada ya kutendeka. Msiogope kuchelewa huko, ndiko kunakosaidia. Mkirusha kwa YouTube na mkaulizwa, chagueni kuchelewa kwa kawaida, si kule kudogo kabisa.

HATUA ZA KUFUATA

1. Pimeni mapema. Nendeni mahali penyewe, saa ile ile ya mkutano, mpime kasi ya kupeleka. Kisha tumieni kama nusu yake tu. Mkipata megabiti 2 kwa sekunde, rusheni kwa 1. Nusu inayobaki ni ya kukinga wakati mtandao unaposhuka.

2. Shusheni ubora wa picha. Picha ya 720 inataka megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde. Ile ya 360 inatosheka na nusu megabiti hadi 1, na kwenye simu ndogo uso wa msemaji unaonekana vizuri tu. Angalieni na mfuko pia: megabiti 1 kwa sekunde ni kama megabaiti 450 za bando kwa saa moja. Megabiti 3 hutumia bando mara tatu ya hiyo.

3. Tunzeni sauti. Sauti nzuri ya mazungumzo inatosheka na kilobiti 64 kwa sekunde, yaani kama megabaiti 29 kwa saa. Mtu akiisikia hesabu bila kumwona mweka hazina, ameelewa. Akimwona bila kumsikia, hana kitu. Wekeni maikrofoni ndogo karibu na mdomo wa msemaji. Picha ikikataa kabisa, izimeni na muendelee kwa sauti.

4. Simu itulie. Video haipeleki picha nzima kila mara. Hupeleka picha nzima baada ya muda fulani, na katikati hupeleka yale yaliyobadilika tu. Ukitembea na simu mkononi, kila kitu kinabadilika na mzigo unakuwa mkubwa. Ifungeni kwenye kigingi au mguu wa kamera. Msemaji asimame mbele ya ukuta, si mbele ya migomba inayopeperuka.

5. Gawanyeni kazi kwa simu mbili. Ya kwanza iwekwe mahali pa juu penye mtandao, kama dirishani, igawe mtandao kwa Wi-Fi. Ya pili, isiyopokea simu za watu, ndiyo ipige picha, ikiwa karibu na ya kwanza. Mkiweza, wekeni laini ya kampuni nyingine akiba. Zote ziwe na chaji.

6. Rekodini pembeni. Simu ya tatu irekodi mkutano wote bila mtandao. Matangazo yakikatika, waliokosa watatumiwa jioni.

NA KURA JE?

Hapa tuwe waangalifu. Matangazo yanafaa kwa kusoma hesabu na ripoti. Lakini wakati wa maswali na kura hakuna nafasi ya tanki, maana mtu akiuliza anangoja jibu sasa hivi. Kwa sehemu hiyo wapigieni walio mbali kwa sauti tu, wote pamoja, na katibu aite majina. Asiyejibu apigiwe tena kabla kura haijafungwa. Mtandao mbaya usimnyang'anye mtu haki yake.

MASWALI YA KUJADILIANA

- Ni wanachama wangapi wa kikundi chetu wako mbali, na mara ya mwisho walisikia hesabu lini?
- Ni nani miongoni mwa vijana wetu atapima mtandao kabla ya mkutano ujao?
- Bando litalipwa na mfuko wa kikundi au na mtu mmoja? Tumeandika kwenye kumbukumbu?

Wapendwa, haba na haba hujaza kibaba. Picha ndogo inayofika yote ni bora kuliko kubwa inayokwama njiani. Mungu awabariki katika kazi zenu.