Namna ya Kutumia Mafuta Machache katika Motokari na Pikipiki

Ninyi watu wa Katogota, na ninyi wote mnaokaa kandokando ya barabara ya Uvira na Bukavu, sikilizeni maneno haya. Wengine watasema: "Mimi sina motokari. Maneno ya esanse ni ya mashofere, si yangu." Sivyo. Fikirini kidogo.

Mtu anavuna muhogo, mpunga ao nyanya katika bonde la Ruzizi. Anatia katika mifuko, anangoja gari. Shofere anamwambia bei ya kupeleka mfuko mmoja Bukavu. Ndani ya bei ile mna nini? Mna mshahara wa shofere, mna mipira ya magurudumu, mna malipo ya njiani, lakini sehemu kubwa ni mafuta. Esanse na mazutu tunayotumia yanatoka ng'ambo ya bahari, mengi yanapita Tanzania, na kila mahali yanapopita bei inaongezeka. Basi mafuta yakipotea bure njiani, mkulima ndiye anayeyalipa kwa muhogo wake. Na katika vijiji vya machimbo, kama Kamituga na Misisi, ambako wengi wanachimba dhahabu wala hawalimi, unga unafika kwa gari na kwa pikipiki. Huko mafuta yakipotea, chakula kinapungua katika sahani.

Tena wako vijana wengi wa pikipiki. Kijana akitumia lita 5 kila siku, na akijua kubakiza nusu lita tu, kwa siku 6 za kazi anabakiza lita 3. Kwa majuma 50 ni lita 150. Hesabuni wenyewe ni mbuzi wangapi.

MAFUTA YANAKWENDA WAPI?

Esanse inawaka ndani ya mashine. Lakini si nguvu yote inayofika kwenye gurudumu. Ni kama robo tu, na mara nyingi pungufu. Nyingine yote inatoka kuwa joto, katika bomba la moshi na katika maji ya kupoza mashine. Kwa hiyo ile robo inayobaki tusiitupe.

Robo ile inafanya kazi nne. Inasukuma upepo ulio mbele ya gari. Inazungusha mipira juu ya udongo. Inapandisha mzigo mlimani. Na kazi ya nne ni hasara tupu: inaliwa na breki. Shofere ananunua mwendo kwa mafuta, kisha anakanyaga breki na kuutupa. Gusa breki iliyotumika sana, utaunguza kidole. Moto ule ni esanse yako.

Kwetu mlima ni kazi kubwa. Ziwa Tanganyika liko karibu metre 770 juu ya bahari, na Ziwa Kivu liko karibu metre 1.460. Mzigo unaotoka Uvira mpaka Bukavu unapanda karibu metre 700. Kupandisha tani moja kimo hicho, hata kwa mashine nzuri, kunataka kama nusu lita ya mazutu, mbali na mafuta ya kuendea mbele. Basi kila kitu kisicho na kazi ndani ya gari, chuma kibovu, mawe, bidoni za maji zisizotumika, kinapanda mlima kwa fedha yako. Kitoeni.

DESTURI NJEMA ZA SHOFERE

Kwanza. Ondoka polepole. Usikanyage mafuta kwa hasira, wala usizungushe mkono wa pikipiki mpaka mwisho. Anayeruka kama panzi anakula mafuta mengi kuliko anayeanza taratibu, na mara nyingi wanakutana tena penye kizuizi cha mbele.

Pili. Tazama mbali. Ukiona mbuzi, shimo, ao watoto wanaotoka shule, ondoa mguu katika mafuta mapema, gari lipunguze mwendo lenyewe. Usikimbie mpaka penye shimo kisha ukamate breki kwa nguvu. Hapo unapoteza mara mbili: mwendo ulioununua, na mafuta ya kuununua tena.

Tatu. Shika mwendo wa kiasi. Upepo haukusukumi sawasawa katika kila mwendo. Motokari ikitoka kilometre 80 kwa saa ikafika 100, upepo unaikataza kwa nguvu ya mara moja na nusu na zaidi. Katika njia njema, mwendo wa kilometre 60 mpaka 80 unatosha motokari ndogo. Katika njia yenye mashimo, pungufu ya hapo.

Nne. Tumia vitesi ifaayo. Mashine ikilia sana kwa vitesi ndogo katika njia ya sawa, inakula bure. Panda vitesi ya juu. Lakini ikitetemeka na kukohoa mlimani, imechoka. Shusha vitesi upesi.

Tano. Ukisimama, zima. Motokari ndogo inayonguruma saa moja bila kwenda inaweza kula karibu lita moja. Wanaongoja abiria, wanaopakia mifuko, wanaosalimiana njiani, wazime mashine.

Sita. Tia pumzi katika mipira. Mpira laini unajikunja juu ya njia, nao unataka nguvu nyingi kuuzungusha. Tena unapata moto na kupasuka. Upime asubuhi, wakati ungali baridi, maana mpira wenye joto unadanganya kipimo. Pikipiki inayobeba watu watatu na mfuko wa unga inaharibu mpira, mnyororo na mashine pamoja.

Saba. Safisha. Mavumbi ya bonde letu wakati wa kiangazi yanaziba chujio cha hewa. Mashine isiyopata hewa ni kama moto wa kuni chini ya sufuria iliyofunikwa: moshi mwingi, nguvu kidogo. Kung'uta chujio, safisha buji, tia mafuta katika mnyororo. Na ile choki ya kuwashia pikipiki asubuhi, ukiisha kwenda kidogo irudishe. Wengi wanaisahau, wanakwenda nayo kutwa nzima, moshi mweusi unatoka, nao wanasema esanse ya siku hizi ni mbaya.

ANGALIENI MTEREMKO WA NGOMO

Kuna akili moja ambayo si akili. Shofere anapotelemka Ngomo kuja Kamanyola, anatoa vitesi, gari linaserereka lenyewe, naye anafurahi kwamba anabakiza mafuta. Huyu anacheza na roho za watu.

Elewa sababu. Gari likiwa ndani ya vitesi, mashine yenyewe inalishika lisikimbie. Ukitoa vitesi, uzito wote unaangukia breki. Breki zinapata moto, na zikizidi joto hazishiki tena, hata ukisimama juu yake kwa miguu miwili. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni bonde. Na juu ya mifuko wamekaa mama na watoto.

Wala faida ya mafuta haipo. Magari mapya yanayopima mafuta kwa umeme, ukiondoa mguu huku vitesi imo, yanafunga mafuta kabisa wakati wa kutelemka. Ukitoa vitesi, mashine inaanza tena kula ili isizimike. Magari ya zamani yanabakiza matone tu. Na anayezima mashine kabisa ni mbaya zaidi, maana breki za magari mengi, na usukani pia, vinasaidiwa na mashine. Basi telemka kwa vitesi ndogo, polepole. Tena wewe abiria, ukiona shofere ametoa vitesi, usinyamaze.

ESANSE SI MAJI

Tarehe 2 Julai 2010, gari kubwa la kubeba esanse lilipinduka Sange, katika barabara yetu hii. Esanse ikamwagika, watu wakakaribia, wengine wakachota. Moto ukawaka, wakafa watu zaidi ya 200.

Jua kwamba si esanse yenyewe tu inayowaka, ni mvuke wake pia. Mvuke ule hauonekani, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka kwenye taa ao jiko la jirani. Kwa hiyo usiweke bidoni katika nyumba ya kulala. Usimimine usiku kwa taa ya moto. Gari la esanse likianguka, chukua watoto, kimbia mbali. Hakuna lita inayostahili mtu.

PIMA, USIKISIE

Jaza tanki mpaka juu. Andika hesabu ya kilometre. Fanya kazi juma moja, kisha ujaze tena mpaka pale pale, ukiandika lita zote zilizoingia. Kama pikipiki imekwenda kilometre 480 na imekula lita 12, ni lita 2 na nusu kwa kilometre 100. Juma jingine ikifika lita 3 kwa njia ile ile na mzigo ule ule, iko na ugonjwa: mpira laini, chujio chafu, breki inayokwaruza, ao mkono wa shofere. Tafuta kabla ya kulaumu muuzaji.

Na ninyi wakulima, msaidieni shofere. Fungeni mifuko mapema, iwe tayari kando ya njia, gari lisingoje likinguruma. Msimpigie kelele: "Kimbia, wenzetu wanatupita sokoni!" Mchagueni yule anayekwenda taratibu, anayetelemka ndani ya vitesi, anayepima mipira yake asubuhi. Huyo mzigo wake unafika, na bei yake mnaweza kuzungumza.