Mamba Aliyekuwa na Magego



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, baada ya Idd el-Hajj kichwa cha mbuzi kikishaliwa, taya hubaki. Hebu litazameni siku moja kabla ya kulitupa. Mtaona magego mapana yaliyosagika kwa kutafuna majani. Paka hana meno ya namna hiyo, yeye ana chonge za kushikia na meno makali ya kukatia nyama. Kwa hiyo hata mnyama ambaye hujapata kumwona akiwa hai, meno yake yatakwambia alikula nini, na chakula chake kitakwambia aliishi katika nchi ya namna gani. Wataalamu wa visukuku huanzia hapo.

Visukuku ni masalia ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa ardhini, mara nyingi yakiwa yamegeuka mawe. Mnyama akifa karibu na mto, akafunikwa upesi na tope, mifupa yake huweza kusalimika. Maji yenye madini huipenya kidogo kidogo mpaka inakuwa mawe. Sisi wa Kyela tunaoona kila masika jinsi Mbaka na Lufirio inavyoshusha tope, jambo hili si geni kwetu.

Mwaka 2010 wataalamu walitangaza mnyama aliyepatikana katika bonde la Rukwa, upande wa Galula, ambako mto Songwe unakwenda ziwa Rukwa. (Msichanganye na Songwe yetu ya mpakani, inayoingia ziwa Nyasa.) Walimwita Pakasuchus kapilimai. Neno la kwanza limetokana na "paka" wetu huyu huyu wa Kiswahili, likaunganishwa na neno la Kigiriki la mamba. La pili ni kumbukumbu ya marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa utafiti huo.

Mnyama mwenyewe alikuwa jamii ya mamba, lakini mwili wake ulilingana na wa paka. Miguu yake ilikuwa myembamba, ya kutembea nchi kavu, na magamba magumu yalikuwa zaidi mkiani. Kilichowashangaza wengi ni kinywa. Kisukuku kilikuwa kimefumba taya, ikabidi kipigwe picha za eksirei za kompyuta ili ndani paonekane. Mamba tunaowajua wana meno ya kuchongoka yanayofanana. Hushika, hurarua na kumeza bila kutafuna. Huyu alikuwa na chonge mbele na magego nyuma, na magego ya juu yalikutana na ya chini kama ya wanyama wanaonyonyesha. Alitafuna! Inadhaniwa kuwa alikula wadudu na wanyama wadogo.

Wala hakuwa peke yake. Ng'ambo ya mpaka, wilayani Karonga, mwanasayansi wa Malawi Elizabeth Gomani alieleza mwaka 1997 mamba mwingine mdogo mwenye meno ya kutafunia, akampa jina la Malawisuchus mwakasyungutiensis. Mwakasyunguti ni mahali huko Karonga, na kwa watu wa hapa kwetu jina hilo halihitaji mkalimani. Wote wawili waliishi zama za Kretasia, wakati wa dinosauria, zama zilizokwisha miaka milioni 66 iliyopita.

Yaonekana wakati huo wanyama wadogo wanaonyonyesha walikuwa haba katika nchi za kusini ya dunia, na baadhi ya mamba wakashika nafasi yao. Ila wasidhaniwe kuwa ni mababu wa mamba wa leo. Wao walikuwa tawi jingine, na tawi hilo limekatika.

Wako wanaotuuliza kama kusoma haya si kupingana na dini, na tumeona swali hilo tusilikwepe. Suratul Ankabut, aya ya 20, inatuelekeza tutembee ardhini tutazame namna Allah (S.W.T.) alivyoanzisha uumbaji. Al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, alieleza kuwa mawe yaliyochimbwa visimani yakipasuliwa hukutwa na makombe ndani, akasema kuwa jangwa la Arabuni lilipata kuwa bahari. Hakuna aliyemwona amepungukiwa Uislamu kwa hilo. Habari ya Nabii Adam (A.S.) ina mahali pake katika darasa la tauhidi, mbele ya mwalimu. Mamba mwenye magego hamtoi mtu katika imani.

Mwanafunzi akikuta jiwe lenye umbo la mfupa au jino, asiling'oe wala asiliuze. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivyo, na tena likishatolewa mahali pake haijulikani tena lilitoka tabaka lipi. Apeleke taarifa ofisi ya kijiji. Na familia zenye safari ya Karonga kupitia Kasumulu, makumbusho ya huko yalifunguliwa mwaka 2004, na ndani yake umesimamishwa mfano wa mifupa ya Malawisaurus, dinosauria wa shingo ndefu aliyechimbuliwa wilayani humo humo.

Wabillahi tawfiq.