Gatuanyaga: dawa ya bwana na bibi ni kwenda polepole

Wakazi wengi wa Nairobi wakisikia neno likizo hufikiria Mombasa na gharama zake. Kwa sababu hiyo, bwana na bibi huweza kukaa miaka bila kupumzika pamoja, huku mmoja wao akimeza tembe za presha. Lakini mapumziko yenye faida hayahitaji safari ndefu.

Mashariki mwa mji wa Thika, upande wa barabara ya Garissa, iko Gatuanyaga, eneo la wakulima katika Kaunti ya Kiambu. Ukipanda matatu hadi Thika, kisha nyingine ya kuelekea Kilimambogo, umekaribia kufika. Hapa hakuna haja ya kukimbizana na saa. Amkeni bila kengele, mnywe chai, kisha mtembee kwenye njia za mashambani kabla jua halijakuwa kali.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kila wiki. Kutembea kunatosha. Kipimo ni rahisi: mkiweza kuzungumza lakini hamwezi kuimba, mwendo huo unafaa. Mwenye kasi amsubiri mwenzake.

Mazungumzo hayo nayo ni tiba. Presha mara nyingi haina dalili, na si ajabu bibi akagundua njiani kwamba mzee aliacha tembe zamani kwa kuwa "alijisikia vizuri". Mtu akipimwa siku tofauti na kupatikana na 140/90 au zaidi, ana shinikizo la juu la damu, hata kama haumwi popote. Mapumziko hayachukui nafasi ya dawa. Zifungeni tembe kwenye mkoba kabla ya nguo.

Kuhusu chakula, githeri, nduma na sukuma wiki ni vyema, ila tahadharini na chumvi. Kwa siku nzima isizidi gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na viungo vya dukani. Kuomba chai isiyo na sukari si kumdharau mwenyeji.

Wengi hupenda kwenda hadi maporomoko ya Fourteen Falls. Yatazameni, lakini msiingie majini wala kuyanywa. Mto Athi hupokea maji ya Mto Nairobi, ambayo hubeba uchafu wa jiji. Aidha, palipo na konokono wa majini, vijidudu vya kichocho hupenya kwenye ngozi hata isiyo na kidonda.

Mmoja wenu akibanwa na kifua, akilegea upande mmoja wa mwili au ulimi ukimwia mzito ghafla, msingoje kesho. Tafuteni gari mara moja mpaka hospitali ya Thika.

Mkirudi nyumbani, endeleeni kutembea pamoja nusu saa, siku 5 kwa wiki, na mwende kliniki mkapimwe presha nyote wawili.