Kilimanjaro: Koti kwanza, kifuko cha joto baadaye

Katika msimu wa kupanda Mlima Kilimanjaro, karibu kila usiku wa manane, misururu ya taa za kichwani hutoka kambi za Kibo na Barafu, zote zikiwa kwenye mwinuko wa takriban mita 4,700, na kuelekea kilele cha Uhuru chenye mita 5,895. Mbele yao kuna muda wa saa sita hadi nane wa kupanda gizani, wakipigwa na upepo, katika baridi inayoweza kufika nyuzi 10 chini ya sifuri na kupita hapo. Ndani ya glavu na buti za wengi wao mna vifuko vidogo vya joto, vile ambavyo ukivitoa kwenye pakiti na kuvitikisa huanza kupata moto vyenyewe, kisha hutupwa baada ya kutumika mara moja. Vifuko hivi vimezoeleka kwenye orodha za vifaa vya safari kiasi kwamba wapo wanaovitegemea kuwa kinga yao kuu dhidi ya baridi. Tegemeo hilo ni la hatari. Kifuko cha joto kina kazi yake, lakini ni kazi ya msaidizi anayeitwa mwisho, na mlima mrefu ndipo mahali panapompunguzia nguvu.

Sababu imo ndani ya kifuko chenyewe. Mna unga wa chuma, maji kidogo, chumvi, mkaa, na madini mepesi yanayoshika unyevu. Pakiti ikifunguliwa, hewa hupenya kwenye kitambaa na chuma huanza kushika kutu. Ni kutu ile ile inayokula bati la nyumba, ila imeharakishwa: joto ambalo bati hulitoa kwa miaka bila mtu kulihisi, unga huu hulitoa kwa saa chache. Moto wake basi unategemea oksijeni, na kwenye kilele cha Uhuru kanieneo ya hewa ni takriban nusu ya ile ya ufukweni. Upungufu ule ule unaomfanya mpandaji ahesabu hatua na kuhema ndio unaokipunguzia kasi kifuko kilicho mkononi mwake. Ndani ya buti lililofungwa vizuri hewa ni haba zaidi, na ndiyo maana watengenezaji wana vifuko vya miguuni vilivyoundwa tofauti na vya mikononi. Anayetumbukiza cha mkononi ndani ya buti huenda asipate joto lolote la maana.

Hata kingefanya kazi kikamilifu, joto lake ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Tuchukue kifuko chenye gramu 20 za unga wa chuma. Gramu moja ya chuma ikigeuka kutu yote hutoa kilojuli 7 na kidogo, kwa hiyo kifuko kizima hakizidi kilojuli 150. Zigawe kwa saa nane, utapata wastani wa wati 5. Mwili wa mtu mzima aliyetulia hutoa wati 100 hivi, na anapopanda mlima hutoa mara kadhaa ya hizo. Ndizi mbivu moja ya kawaida ina nishati ya zaidi ya kilojuli 400. Kwa hesabu hiyo, mpandaji aliyekula ndizi moja kabla ya kutoka kambini amejipatia nishati zaidi ya atakayoipata kwenye vifuko viwili usiku kucha. Tanuri kubwa ni mwili, na kazi ya nguo ni kulizuia joto la tanuri hilo lisitoroke.

Atakayepinga atasema kwamba joto la ndizi huenea mwili mzima, ilhali la kifuko hufika moja kwa moja kwenye vidole, ambavyo ndivyo vinavyoumia kwanza. Hoja hiyo ni ya kweli, nayo ndiyo inayokipa kifuko haki ya kubebwa. Mtu ambaye mishipa yake ya vidoleni husinyaa upesi kwa baridi hupata nafuu kubwa, na vivyo hivyo anayelazimika kuvua glavu ili afunge kamba za buti. Lakini tuulize kwa nini vidole huanza kuumia. Kifua na tumbo vikianza kupoa, mwili huibana mishipa ya mikono na miguu ili damu ya moto ibaki kwenye moyo na ubongo. Vidole vinavyokufa ganzi mara nyingi vinatoa taarifa kwamba kiwiliwili kinapoteza joto. Ukivipasha vidole huku fulana imelowa jasho na koti linapitisha upepo, chanzo kinabaki pale pale. Na ukikibana kifuko ndani ya buti ambalo tayari limejaa soksi mbili, unaikandamiza mishipa na kuuzidishia mguu baridi.

Kuna pia hatari ya kuungua. Watafiti walionyesha tangu miaka ya 1940 kwamba ngozi iliyoguswa kwa saa sita na kitu chenye nyuzi 44 tu inaweza kuungua, na vifuko vingi hupita nyuzi 50. Kwa kawaida maumivu humwonya mtu mapema, lakini vidole vyenye ganzi havionyi, wala miguu ya mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia. Kwa hiyo kifuko hakiwekwi kwenye ngozi tupu, wala mtu halali akiwa amekikumbatia. Na vidole vikishaganda, vikawa vyeupe na vigumu, visipashwe kwa kifuko. Tiba yake ni maji ya uvuguvugu wa nyuzi 37 hadi 39, mahali ambapo havitaganda tena, pamoja na msaada wa daktari.

Wengine watasema kifuko ni chepesi na cha bei nafuu, ilhali koti zuri ni ghali. Kwa mgeni, jibu lipo Moshi, ambako maduka hukodisha makoti, glavu na buti. Swali zito ni la wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu. Wao hubeba hadi kilo 20 za mzigo wa wageni na kulala kwenye kambi hizo hizo za mita 4,700, na wapo wanaofanya hivyo wakiwa na nguo hafifu. Mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project wa Moshi huwaazima nguo za mlimani bila malipo, ushahidi kwamba pengo hilo ni la kweli. Mgeni anayewaachia vifuko vilivyobaki anatoa kwa moyo mwema, lakini ametoa joto la usiku mmoja. Anayeacha koti, soksi za sufu au glavu ametoa joto la misimu mingi. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mlimani, kupona huko kunaanzia mgongoni.

Linabaki suala la taka. Watetezi husema kwamba kutu na chumvi havina sumu kubwa, na hawajakosea. Ila kitambaa cha kifuko na pakiti yake kwa kawaida ni plastiki, na Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2019 kwa sababu nyenzo hiyo haiozi. Aliyekipandisha akishushe. Kifuko ambacho hakijaisha kifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa. Kutu husimama, na joto lililobaki litatumika kesho.

Kampuni za kupandisha watalii zinaweza kulirekebisha jambo hili kwa kuzipanga upya orodha zao: kwanza nguo kavu za tabaka kadhaa na koti la kuzuia upepo, kisha chakula, kinywaji cha moto na buti lisilobana, mwisho kabisa kifuko cha joto, kimoja au viwili vya dharura. Na kabla kundi halijatoka getini, orodha hiyo hiyo isomwe mbele ya mgeni na mbele ya mpagazi, kwa kuwa baridi ya Kibo haimuulizi mtu amelipa au amelipwa.