Hojaji ya bure inagharimu kiasi gani Tabora?

Mwanafunzi wa chuo mjini Tabora anayetaka kupima sonona kwa wakulima wa Urambo au Sikonge huanza na bei. Hojaji ya PHQ-9 ni ya bure, ipo kwa Kiswahili, ina maswali tisa na inaenea kwenye ukurasa mmoja. Hojaji ya Beck, nayo ya kupima sonona, inauzwa na kampuni. Kwa hesabu ya karatasi tu, PHQ-9 imeshinda, na wengi huishia hapo. Mimi naona hapo ndipo gharama inapoanza.

Mtafiti ananunua vitu viwili. Cha kwanza ni kuaminika: mtu yuleyule apate alama ileile ikiwa hali yake haijabadilika. Cha pili ni uhalali: kipimo kipime kile kinachodaiwa kupimwa. Enzi za misafara ya biashara, kitambaa cha merikani kilipimwa Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, minane ni doti. Mfanyabiashara mwenye mkono mfupi alitoa doti pungufu, na aliitoa hivyohivyo kila siku. Kipimo chake kiliaminika, lakini mnunuzi alipunjwa.

PHQ-9 inaweza kumpunja mtafiti vivyo hivyo. Inauliza mtu amesumbuliwa mara ngapi katika wiki mbili zilizopita. Kila jibu ni 0 hadi 3, jumla haizidi 27, na kwa kawaida anayefika 10 huhesabiwa kuwa huenda ana sonona. Sasa mpelekee mkulima aliye katikati ya kukausha tumbaku. Moto wa bani, yaani banda la kukaushia majani, hauachwi uzimike, lazima mtu akeshe, na kukikucha majani mengine yanasubiri kuchumwa. Usingizi wa shida karibu kila siku: 3. Uchovu: 3. Anakula ovyo kwa sababu ya kukesha: 2. Ana alama 8 na bado hujamuuliza kama moyo wake una huzuni. Rudi baada ya siku tatu, atakupa 8 zilezile. Hojaji hiyo ilijaribiwa Eldoret, Kenya, kwa wagonjwa wenye VVU, matokeo yakachapishwa mwaka 2009, na ilifaa. Lakini kufaa kliniki ya Eldoret hakuihalalishi kwenye mabani ya Urambo.

Kuaminika kunanunulika kwa hesabu, na bei yake ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwa kanuni ya Spearman na Brown, maswali 5 yenye kuaminika kwa 0.5 yakiongezwa mengine ya aina hiyohiyo hadi 10, kiwango kinafika 0.67, yakiwa 20, kinafika 0.8. Tuseme uhusiano halisi kati ya sonona na deni la pembejeo ni 0.5, na deni limepimwa bila kasoro. Ukitumia hojaji ya 0.5 unahitaji watu kama 60 ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuuona uhusiano huo. Ukitumia ya 0.8, watu kama 37 wanatosha. Hao 23 wa ziada ni nauli, posho za watafiti wasaidizi na siku za kulala vijijini. Maswali 15 ya ziada ni dakika chache za mhojiwa.

Uhalali haununuliwi kwa kurefusha hojaji. Mfano ni huu: mwaka 2002 mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wa shule karibu na Bagamoyo, kwenye mwisho wa pwani wa njia ya misafara iliyofika Unyanyembe. Watoto walipewa majaribio ya kufikiri. Baadhi wakafundishwa namna ya kuyaendea, kwa muda usiofika saa moja, kisha wote wakapimwa tena. Kwa wasiofundishwa, alama za kwanza na za pili zilihusiana kwa takriban 0.8. Kwa waliofundishwa, kwa 0.3 tu. Mtihani wa kwanza ulikuwa umepima kwa sehemu kubwa nani amezoea mitihani ya namna ile. Ningekuwa mzazi wa mmoja wa watoto hao, ningetaka kujua hilo kabla mwanangu hajaitwa mzito wa akili.

Kwa utafiti wa Tabora, chaguo langu ni hojaji ya maswali 19 ya Dar es Salaam, iliyoandaliwa na Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake na kuchapishwa mwaka 2008. Ilijengwa kwa lugha ya Watanzania wenyewe wanapoeleza dhiki zao. Ni ndefu kuliko PHQ-9, nayo haikuandikwa kwa Wanyamwezi wa vijijini, kwa hiyo ipitishe kwanza kwa wazee na akina mama wa kijijini, neno kwa neno. Ukilazimika kutumia PHQ-9, subiri mabani yapoe, na kwenye usingizi na uchovu uliza sababu.

Kisha tenga fedha za mtaalamu wa afya ya akili azungumze na baadhi ya wahojiwa bila kuona alama zao, kisha linganisha maoni yake na alama hizo. Bajeti ikibana, punguza vijiji kabla ya kufuta siku za mtaalamu huyo.