Ngano Iliyogeuka Kitabu

Jamaa zetu wa Malampaka, nanyi wanafunzi, bila shaka mmesikia usiku, penye moto, habari za Shing'weng'we, dubwana lililomeza watu, na za kijana Masala Kulangwa aliyelishinda. Ngano ya namna hiyo haina mwandishi; kila bibi huisimulia kwa namna yake. Leo twapenda kueleza jinsi ngano ya kale iwezavyo kuwa kitabu kipya.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akafa mwaka 1962. Kitabu chake *Adili na Nduguze* kilitoka mwaka 1952. Mzizi wake ni hadithi ya Abdallah bin Fadhil na nduguze wawili, iliyomo katika Alfu Lela u Lela. Katika ile ya kale ndugu hao waligeuzwa mbwa. Shaaban aliwafanya manyani, akawapa majina yasemayo tabia zao, Hasidi na Mwivu.

Adili aliwalea nduguze kwa mali yake, nao wakamlipa kwa kumtupa baharini. Aliyemwokoa alikuwa Huria, mtoto wa majini. Kwa nini alimwokoa? Kwa sababu zamani Adili alimkuta katika umbo la kiumbe dhaifu, akifukuzwa na adui, akamponya pasipo kumjua. Basi yule asiye wa damu yake alikuwa karibu naye kuliko waliolala tumbo moja. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Huria aliwageuza wale wawili manyani, akamwamuru Adili awapige kila usiku. Adili alitii, lakini kwa uchungu, maana bado aliwapenda. Hapa yatupasa kutazama sana. Katika hadithi ya kale, ndugu wale wakiisha kurudishiwa ubinadamu, humwua ndugu yao. Shaaban hakuifuata njia hiyo: wake walitubu, wakasamehewa.

Badiliko hilo si dogo. Nyumba ngapi zetu zimevunjika kwa ng'ombe wa urithi au shamba la pamba, ndugu wasisalimiane mpaka kaburini? Adhabu yaweza kumzuia mtu asitende uovu. Lakini ni msamaha umrudishao nyumbani.

Wanafunzi, kitafuteni kitabu hiki, mkawasomee wazee wenu jioni. Nao wakiisha kusikiliza, waombeni wawape ngano moja ya kwao, mkaiandike.