Nani Hukesha Mgonjwa Anapolala?

Watu wengi huiogopa dawa ya usingizi kuliko kisu cha mganga. Kweli, aliyelazwa kwa dawa hawezi kusema, "Pumzi inanipungua." Zamani waganga walitazama midomo na kucha, zikigeuka rangi, hatari ilikuwa imekwisha kufika.

Mwaka 1974 fundi Mjapani, Takuo Aoyagi, alibuni njia ya kupima oksijeni ya damu pasipo kuchoma sindano. Chombo kilichotokana nayo hubana kidole na kupenyeza mwanga. Damu yenye oksijeni nyingi ni nyekundu zaidi, nacho husoma tofauti hiyo.

Je, chatosha? Huko Denmark wagonjwa 20,802 waligawanywa kwa kura: nusu walivikwa chombo, nusu hawakuvikwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1993. Penye chombo, upungufu wa oksijeni uligunduliwa mara 19 zaidi chumbani mwa upasuaji. Lakini hesabu ya vifo haikuonekana kupungua.

Basi tuelewe: chombo huonya tu, anayeokoa ni mtu akeshaye. Ndugu, siku ya kupasuliwa uliza pasipo haya: "Nani atakaa karibu na kichwa changu mpaka niamke?"